Mdudu wa Miguu Myekundu

Siku hizi watu wananipigia simu kwa sababu ya wadudu. Hiyo kazi sikuisomea shuleni. Shule niliiacha Fom Tu, au tuseme shule ndiyo iliniacha, ilikuwa inaenda haraka kuliko mimi. Lakini ukiwa Kisii au Nyamira na mahindi yako yameanza kutoa unga kabla hujayapeleka kwa posho mil, kuna mtu atakwambia, "Mpigie yule mzee wa wadudu," na simu italia kwa mfuko wangu, na mimi nitapanda nyuma ya bodaboda na haya magoti yangu mawili mabaya. Nikifika nachukua mdudu mmoja, nampandisha kwa kiganja, nasema jina lake kama mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni. Watu wanacheka, wananipa chai. Nimefanya hivyo mpaka nimechoka. Mdudu yeye hajachoka.

Mwaka jana baada ya mavuno alinipigia msichana mmoja, sauti ndogo, akasema nyanya yake ana mahindi kwa stoo na usiku wanasikia kitu kinatafuna. Nikamuuliza ni wapi. Akasema Nyamira. Nyamira ni kubwa, nikasema sawa. Ingekuwa amesema Ikonge, ningemwambia niko na homa. Simu za Ikonge nilikuwa nawaachia watu wengine miaka yote, kwa sababu nilijua nani aliolewa huko. Sasa bodaboda ikakata kona kwenye majani chai, nikaona kile kibao cha soko, nikamgusa kijana begani, "Hii si Ikonge?" Akasema, "Ndiyo, mzee, tumefika." Na mtu wa magoti kama yangu hawezi kuruka pikipiki ikiwa inaenda.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni na ungo wa maharagwe juu ya mapaja, anachambua. Kerubo. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa chini ya kitambaa, lakini vidole ni vile vile, virefu, haviendi haraka na haviachi kitu. Aliniangalia mpaka nikafika karibu.

"Nyakundi," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe umezeeka vizuri. Nani alikufundisha?"

"Ingia uone mahindi kwanza. Hiyo mdomo bado unayo."

Nikaingia stoo. Haikuchukua muda. Alikuwa dumuzi, yule mweusi mdogo mwenye kichwa kimeinama chini ya kifua kama mtu anayeona aibu, na sijui aibu gani, kwa sababu anakula hindi na gunzi lake na mbao ya stoo anamalizia. Nikawaambia wayatoe yote, wayaanike tena, wapepete, halafu wayafunge kwa yale magunia yasiyopitisha hewa. Yule mjukuu, Naomi, akaandika kwa simu. Nikatania kidogo. Kisha nikaletewa chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha na mboga ya saga iliyolala kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha, na nikakaa kwa kigoda nikila, nikiomba moyoni nimalize haraka niende. Naomi akasema, "Nyanya, kuna mama amepita na samaki. Si tungemchukulia mgeni mbili?"

"Hapa samaki haiingii," Kerubo akasema, bila kuinua macho kwa ungo. "Si unajua."

Nikacheka. Kucheka ndiyo kitu mwili wangu hufanya ukikosa cha kufanya. Nikauliza, "Kwani samaki amekukosea nini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto pale. "Wewe ndiye unaniuliza? Si wewe ndiye ulisema?"

Hakusema kwa hasira. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Alisema kama mtu anayekumbusha daktari dawa aliyomwandikia.

Sasa nirudi nyuma, kwa ule mwaka. Nilikuwa na miaka ishirini kasoro, na nilikuwa nafanya kazi kwa banda la ngozi nje kidogo ya Ogembo, chini ya kichinjio. Usidhani ni kiwanda. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, kuta za mabanzi yenye nafasi katikati ili upepo upite, na ndani fremu za miti ya mikaratusi zimesimama safu safu, kila moja imewambwa ngozi ya ng'ombe kwa kamba. Asubuhi jua likipenya kwa zile nafasi, ngozi mbichi zilikuwa zinang'aa nyekundu na buluu kama kioo cha kanisa la Wakatoliki. Hiyo ni kama ulikuwa umeziba pua. Harufu yetu ilikuwa inafika mahali kabla yetu. Mimi nilipanga chumba sokoni, na jirani yangu alihamisha kitanda akakiweka ukuta ule mwingine. Kanisani wasichana walikuwa wananiuliza kwanza upepo unatoka wapi ndipo wachague benchi. Nilikuwa nafanya hiyo kuwa kichekesho, nawaambia mimi ndiye mwanamume pekee Ogembo ambaye inzi wanamjua kwa jina. Walicheka, na hakuna aliyehamia benchi langu.

Mwenye banda alikuwa Mzee Ombati, mzee wa kanisa la Sabato, mtu mfupi, koti lake lilikuwa limebaki na kifungo kimoja na alikuwa anakifunga kila siku. Ijumaa jua likianza kuinama, hata kama ng'ombe amechinjwa saa hiyo hiyo, yeye alikuwa ananawa mikono, anafunga koti, anaenda nyumbani kujitayarisha. Mimi pia nilikuwa Msabato, kwa hivyo nanawa, naenda. Sasa ngozi haijui Sabato. Ngozi ya Ijumaa jioni ukiiacha bila chumvi na bila kuwambwa mpaka Jumapili, utakuta nywele zinatoka zenyewe kama mtu mwenye mabaka ya mashilingi kichwani. Ndiyo maana Mzee alimwandika Kerubo, ambaye ni Mkatoliki. Jumamosi Kerubo alikuwa peke yake na ngozi zote. Jumapili yeye anaenda Misa na mimi ndiye niko peke yangu. Siku zile zingine tulikuwa wote. Hivyo ndivyo kazi ilienda: kila mtu alikuwa na siku yake ambayo hakuna mwingine aliyeona amefanya nini. Tulipoanza nilidhani hiyo ni raha. Sikujua ni hatari.

Kerubo alikuwa amenizidi miaka minne au mitano, na mtoto mdogo alikuwa amemwacha kwa mama yake. Nisiseme mengi, niseme tu kwamba sijawahi kuona mtu anawamba ngozi vile. Mimi nilikuwa nikimaliza fremu moja inaonekana kama hema la jeshi lililopigwa na mvua. Yake ungeweza kupiga kama ngoma. Akichukua kisu kuondoa mafuta na nyama iliyobaki, hakuacha mkato hata mmoja. Mzee alikuwa anapitisha kiganja kwa ngozi zake na macho amefunga, halafu anapitisha kwa zangu na macho amefungua kabisa. Adhuhuri tulikuwa tunakula nyumbani kwa Mzee, nyuma ya banda, jikoni mwa mke wake, ambaye sote tulimwita mama, obokima ya wimbi, yaani ugali ule mweusi, na mboga ya managu, na siku ya bahati matumbo. Chakula kilikatazwa kuingia kwa banda, hiyo ilikuwa sheria ya kwanza na ya mwisho ya Mzee. Lakini wakati wa Kwaresima, siku za Ijumaa, Kerubo hakula nyama ya huko jikoni. Alikuwa anakuja na mkebe mdogo wa omena wa kukaanga na anautundika kwa msumari karibu na mlango wa banda. Mzee alikuwa anauona. Anasema tu, "Mkatoliki na samaki wake," na anapita.

Siku moja nilikuwa nimekaa nje ya ile jikoni, nangoja maji ya kunawa yapate moto, nikasikia Mzee na mama wakiongea ndani. Mama alikuwa anamwambia mgongo wake umekataa, atafute mtu wa kushika banda. Mzee akasema, "Mwaka ukiisha nitampa Kerubo funguo."

"Na kijana?"

"Kijana anachekesha."

"Lakini ni mtu mzuri."

"Nani amekataa? Nimesema anachekesha. Sasa mtu wa kuchekesha nimpe ngozi mia mbili?"

Mama akacheka, kwa upole kabisa. Nikanawa na maji baridi. Nilikula siku hiyo nikasema vichekesho viwili vipya, na Mama Ombati alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi ndani nilikuwa kama ngozi iliyosahaulika juani.

Kuna kitu kimoja tu nilikuwa nakiweza kuliko Kerubo. Kila mwezi alikuwa anakuja afisa wa mifugo wa kuangalia ngozi, na pikipiki. Sote tulimwita Bwana Ngozi, na akifika alikuwa anatoa kwa mkoba chupa ndogo ndogo zenye spiriti, na ndani ya kila chupa mdudu. Na kioo cha kukuza, na kikoleo kidogo kama kile cha kutolea mwiba. Wengine walikuwa wanamkimbia kwa sababu akikupata utasikiliza saa nzima. Mimi nilikaa. Shuleni hakuna kitu kiliwahi kukaa kichwani mwangu mpaka kesho yake, lakini hao wadudu walikaa. Alinionyesha adui mkubwa wa ngozi, mweusi, kama punje ya kahawa iliyokaangwa, lakini ukimpindua tumbo lake ni jeupe kama limepakwa chokaa. Mtoto wake ni kiwavi mwenye manyoya, anapenda giza, na akitaka kugeuka mdudu mzima anatoboa hata mbao ajifiche. Akanionyesha yule wa mviringo mwenye madoadoa, mdogo kama kichwa cha pini, wa mazulia na mablanketi. Na akanionyesha mmoja niliyempenda kwa sababu alikuwa anapendeza: buluu iliyochanganyika na kijani, anang'aa kama shanga, na miguu myekundu.

"Huyu hazaliwi kwa ngozi safi," akaniambia. "Huyu ni wa samaki mkavu. Na mizoga ya zamani, nyama kavu yenye mafuta. Ukimwona kwa ngozi, jua ameletwa. Uliza nani ameingiza samaki."

"Na akisema si yeye?"

"Mdudu hana sababu ya kudanganya."

Nilifurahi na hiyo siku kama mtu aliyepita mtihani. Nikaanza kuwa na chupa zangu, zile za dawa ya kikohozi. Wachinjaji wakaniita Daktari. Kerubo naye alikuwa akiona mdudu anaita, "Daktari, kuja, mgonjwa wako amefika."

Sasa nisikie aibu kidogo halafu niendelee. Mwanzoni mwa mwaka huo nilikuwa nimeenda Kisii mjini, nikarudi na nusu gunia la samaki wakavu wa ziwani, wale wanaopasuliwa katikati na kuanikwa. Nilitaka kuuza Ogembo siku za soko, nionekane mimi pia ni mtu wa kitu, si wa vichekesho tu. Chumbani kwangu sikuweza kuweka, jirani alikuwa amebakisha ukuta mmoja tu wa kuhamia. Nikafikiri, na naomba msinicheke kuliko ninavyojicheka: ni wapi hapa Ogembo unaweza kuficha samaki hata mbwa asijue? Nikaweka nyuma ya rundo la ngozi kavu, mwisho kabisa wa banda, Jumapili yangu, hakuna mtu. Harufu ya ngozi ilimeza harufu ya samaki kabisa. Nilijiona nina akili. Siku ya soko nikatoa wachache, nikawapanga kwa gazeti. Mama wa kwanza akainua mmoja, akanusa, akamrudisha. "Kijana," akasema, "hii samaki yako inanuka ng'ombe." Hakuna aliyenunua. Nikarudisha kwa gunia, nikasema nitajaribu soko lingine, halafu nikasahau. Watu wakisikia nilisahau hawaamini. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa nasahau hata viatu mlangoni.

Kwaresima ilikuwa inaenda kuisha, na lori la kuchukua ngozi lilikuwa lije wiki inayofuata. Ijumaa asubuhi Mzee akasema tufungue rundo kubwa tupange gredi. Bwana Ngozi alikuwa amekuja. Tukatoa ngozi ya kwanza, iko sawa. Ya pili, sawa. Ya saba Mzee akaiinua kwenye mwanga, na mwanga ukapita. Matundu, kama chujio la chai. Chini yake vumbi la kahawia na manyoya ya viwavi, na viwavi wenyewe wanakimbia giza. Tukaendelea kufungua. Nilisikia Mzee anahesabu kwa Kikisii, pole pole, halafu akaacha kuhesabu. Kazi ya miezi.

"Hii ni nini?" akauliza. "Si tulitia dawa? Kerubo?"

"Tulitia, Mzee."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi natia chumvi kila ngozi. Kila ngozi, Mzee."

Bwana Ngozi alikuwa amepiga magoti kwa lile vumbi. Wengi walikuwa wale weusi wa tumbo jeupe. Lakini akainua mmoja na kikoleo, akageuka, akaniita mbele ya wote, mbele ya Mzee na mama aliyekuwa amekuja na chai mpaka mlangoni, na wachinjaji wawili. "Daktari! Huyu ni nani?"

Nikamwona. Buluu, kijani, miguu myekundu. Na niwaambie ukweli, kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa furaha. Nilijua jibu. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kukaa nyuma nikiomba mwalimu asinione, na sasa nimeulizwa na najua. Nikasema kwa sauti, na kifua mbele, "Huyu si wa ngozi! Huyu ni wa samaki mkavu. Ameletwa. Kuna mtu ameingiza samaki hapa na wale weusi wamekuja naye."

"Mia kwa mia," Bwana Ngozi akasema.

Na neno likiwa bado liko hewani nikakumbuka gunia. Lilikuwa hatua kumi kutoka pale, nyuma ya ngozi ambazo bado hatujafungua. Nilifungua mdomo. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka, na hawakugeuka kwangu. Waligeuka kwa ule msumari karibu na mlango, na mkebe uliokuwa unaning'inia, maana ilikuwa Ijumaa.

Kerubo aliutoa mwenyewe. Akaufungua, akamwaga omena kidogo kwa kiganja, akawaangalia mmoja mmoja karibu na macho. Kisha akasema, na hii sauti ningelipa niisahau, "Mzee, labda ni mimi."

"Kerubo."

"Labda walikuwa ndani, sikuona. Nilikuwa nautundika hapo kila Ijumaa."

"Na mimi nilikuwa nakuona," Mzee akasema. "Nilikuwa nakuona nanyamaza." Kifungo chake kilikuwa kimefunguka na hakukifunga. "Nilikuwa nakutegemea wewe. Wewe ndiye nilikuwa nakutegemea."

Hakumfukuza kwa kelele. Alisema tu asirudi tena, hata Jumamosi. Kerubo akavua gambuti, akaziosha kwa maji ya pipa, nje na ndani, akazipanga ukutani, akaenda peku. Mmoja wa wachinjaji akasema, "Omena, jameni. Omena ndiyo imekula ng'ombe." Watu wakacheka kidogo. Mimi pia nilicheka. Nikamkimbilia Mzee baadaye nimwambie? Hapana. Nilijiambia nitasema kesho, kesho ikawa Sabato, na Sabato Mzee alikuwa mgonjwa. Jumapili nikiwa peke yangu nikavuta lile gunia. Nilipolifungua walimwagika kama shanga zilizokatika uzi, buluu buluu, kwa mikono yangu, kwa viatu vyangu. Nikalichoma nyuma ya kichinjio, na mbwa wa kichinjio, ambao hawachagui, walikuja wakanusa wakaenda.

Mwaka ulipoisha Mzee alinipa funguo. Alinipa bila furaha, kama mtu anayeweka kitu mezani kwa sababu mkono umechoka. Na Bwana Ngozi alinipatia nafasi ya kozi fupi ya kuhifadhi ngozi na nafaka, ndiyo hiyo imenilisha mpaka leo. Kila mahindi niliyookoa, kila chai niliyopewa kwa mlango wa watu, ilianzia pale. Kerubo alitafuta kazi kwa mabanda mawili mengine na habari ya omena ilikuwa imefika mbele yake. Akaenda kuchuma chai, akaolewa Ikonge. Hayo nilisikia. Nilikuwa hodari sana wa kusikia.

Sasa pale jikoni kwake, na chai imepoa, nilimwambia. Sikupanga maneno. Nilisema, "Kerubo, si mkebe wako. Nilikuwa na gunia."

Vidole vyake vikasimama kwa maharagwe. "Gunia la nini?"

"La samaki. Nyuma ya rundo. Lilikaa hapo miezi."

"Kubwa?"

"Nusu gunia."

"Na ulijua siku hiyo?"

"Nilijua nikimaliza kusema."

Akamtuma Naomi achote maji, na ndoo ilikuwa imejaa. Mtoto akaelewa, akaenda. Kerubo akasema, "Mimi nilienda kwa padri na hiyo maneno. Nikamwambia nimeharibia mzee wa watu mali kwa sababu ya tumbo yangu. Akanipa rozari. Unajua, Nyakundi, nimesali rozari ya makosa yako?"

"Nisamehe."

"Ngoja. Watoto wangu wamekua hapa, wanaenda kwa watu wanakula samaki, wanarudi wananiuliza, mama, kwa nini sisi hapana? Nawaambia mimi ni mtu wa mkosi na samaki. Nilikuwa nikiona mdudu kwa unga, nasema ni mimi tena nimeleta. Nilijikagua mikono." Akaiinua hiyo mikono akaiangalia. "Miaka yote hiyo najikagua mikono."

Nikaanza kushuka kutoka kwa kigoda, nilitaka kupiga magoti kabisa, na magoti yakalia kama mlango. Akasema, "Aa, usinipigie magoti hapa, nani atakuinua? Mzee Ombati alikufa?"

"Kitambo."

"Akijua ni mimi."

"Akijua ni wewe."

"Na mama?"

"Yuko. Ogembo, anakaa kwa duka la mjukuu wake."

"Basi mimi umeniambia, nimesikia. Lakini siku hiyo hukuniambia mimi sikioni. Ulisema mbele ya watu. Enda umwambie mama. Na si kwa simu."

Hakunisindikiza. Nilipofika barabarani niligeuka, na alikuwa bado na ungo juu ya mapaja, lakini hakuwa anachambua.

Kesho yake nilienda Ogembo. Pale kwenye banda siku hizi kuna karakana ya kuchomelea vyuma. Mama Ombati alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki mbele ya duka, amefunikwa shuka, mdogo kama mtoto. Nikainama, nikasalimia, "Bwakire, mama," nikasema mimi ni nani, na nikaanza pole pole na heshima zote, nikaeleza habari yote mpaka mwisho, kwa sauti ya chini ya mtu anayetubu. Nilipomaliza aliniangalia, akatabasamu vizuri sana. Mjukuu akatoa kichwa nje ya duka. "Mzee, nyanya hasikii. Sema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Akaweka mkono sikioni.

"Nguvu zaidi, mzee. Piga kelele."

Basi nikapiga kelele. Pale Ogembo, saa nne asubuhi, mbele ya duka, nikatangaza kwamba zile ngozi ziliharibika kwa sababu ya gunia langu la samaki, na si Kerubo. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki wasikie vizuri. Mama mmoja wa ndizi akasimama na mkungu kichwani. Mimi ambaye nimechekesha hilo soko maisha yangu yote, nikaona wanangoja mahali pa kucheka, na sikuwapa.

"Kerubo ni nani?" Mama Ombati akauliza.

Hapo ndipo nilichoka. Nilikuwa nimetayarisha hasira yake, nimetayarisha machozi, sikutayarisha hiyo. Ikabidi nimwambie Kerubo ni nani, na kwa kelele, maana njia ilikuwa hiyo moja. Nikasema, "Alikuwa anafanya kazi kwenu! Alikuwa anawamba ngozi kuliko sisi wote! Mzee alikuwa anapitisha mkono kwa ngozi zake na macho amefunga! Hakuwahi kukata ngozi na kisu, mama, hata moja! Funguo zilikuwa zake!" Nilikuwa sijawahi kusema hayo maneno kwa mtu yeyote, hata kwa sauti ndogo.

Akafikiri. Kitu kikarudi machoni mwake. "Yule aliosha gambuti," akasema.

"Ndiyo, mama! Huyo!"

"Yaya, yaya, yaya." Akatikisa kichwa kwa hiyo hapana ya Kikisii. "Mzee hakula siku mbili. Alikuwa ananiambia, kama ni yule pia, basi mimi sijui watu." Akavuta shuka. "Alikufa na hiyo. Sasa nani atamwambia?"

Nikamwambia, kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, kwamba aniachie mimi, kati yetu mimi ndiye nimechoka zaidi, sitakawia kumfikia. Vijana wa bodaboda wakacheka. Mama Ombati hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono na vidole vikavu, akanivuta mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wangu.

"Wewe ngoja zamu yako," akasema. "Mimi niko mbele. Nitamwambia mimi. Sema tena hilo jina, nisisahau."

"Kerubo," nikapiga kelele.

"Kerubo," akasema. "Sema tena."